Kabla ya kuandika "usaliti", someni kitenzi cha tamko

Ndugu Mhariri,

Majeshi ya jirani yakiingia Kongo na marafiki wakaanza kununiana, magazeti yetu ya Kiswahili, lenu likiwamo, hukimbilia maneno mawili: usaliti na woga. Asiyetaka kupigana ni mwoga, anayeita kikosi cha jumuiya nyingine ni msaliti, na habari imekwisha. Msomaji wa Kigoma au Kisumu anayetaka kujua kwa nini Kinshasa iliwachoka Wakenya ndani ya mwaka mmoja, au kwa nini Tanzania haikuwamo katika kikosi cha Afrika Mashariki ikaja kuwamo katika kile cha SADC, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, anabaki palepale alipokuwa.

Sisi tuliofuatilia matamko haya moja baada ya jingine tunaona kwamba nchi rafiki hazigombani sana juu ya adui. Zinagombana juu ya kitenzi kimoja katika tamko la wakuu wa nchi, na juu ya nani atalipa kitenzi hicho kikitekelezwa.

Chukueni Nairobi, tarehe 20 Juni 2022. Wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kupeleka kikosi cha kanda mashariki mwa Kongo. Kongo yenyewe ilikuwa imesaini Mkataba wa Jumuiya Aprili ya mwaka huohuo, na waasi wa M23 walikuwa wameuteka mji wa mpakani wa Bunagana wiki moja tu nyuma. Kinshasa ilikikubali kikosi kwa sharti kwamba askari wa Rwanda wasiwemo. Kazi ikaelezwa kuwa ni kutuliza hali na kusimamia amani kwa kushirikiana na jeshi la Kongo. Kutuliza! Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na neno hilo lilivutwa kweli. Kinshasa ilisikia: mtawafukuza M23. Nairobi ilisikia: tutakaa katikati, tutapokea vilima watakavyoviacha, mazungumzo yaendelee. Bujumbura, yenye shida yake na waasi wa RED-Tabara huko Kivu Kusini, iliona mlango umefunguka ikawa ya kwanza kuingia, Agosti 2022. Kampala tangu 30 Novemba 2021 ilikuwa na wanajeshi wake Kivu Kaskazini na Ituri wakiwawinda waasi wa Kiganda wa ADF, na haikuonyesha haraka yoyote ya kujifungulia uwanja wa pili wa vita. Wakenya walifika Goma Novemba 2022. Waganda na Wasudani Kusini wakafuata mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili 2023. Karatasi ilikuwa moja, na vita vilivyokuwa vichwani mwa walioisaini vilikuwa vinne.

Halafu ukaja mkutano wa Luanda wa 23 Novemba 2022, na hapa tunaomba msomaji asimame kidogo. Luanda iliamua silaha zinyamaze kuanzia 25 Novemba saa kumi na mbili jioni. M23 warudi nyuma hadi eneo la Sabinyo, ndani ya Kongo. Wasipotii, wakuu wa nchi za Afrika Mashariki wataidhinisha nguvu itumike kuwalazimisha. Kinshasa ilisoma sentensi hiyo kama amri iliyokwisha kutolewa: hawakurudi, basi pigeni. Lakini isomeni tena. Uamuzi wa kutumia nguvu ulibaki mikononi mwa wakuu wa nchi, maana yake kikao kingine na maafikiano mengine. Kamanda aliyeko Goma hakuwa na ruhusa mfukoni. Alikuwa na ahadi kwamba huenda siku moja atapewa ruhusa. Askari yeyote anajua tofauti ya hayo mawili. Mwananchi wa Goma aliyeyaona magari ya deraya ya Kenya yakipita barabarani hakuwa na njia ya kuijua, na hakuna gazeti lililomwambia.

Matokeo yake yalionekana Kibumba, kilomita zipatazo 20 kaskazini ya Goma. Tarehe 23 Desemba 2022 M23 walifanya hafla ya kukabidhi eneo hilo kwa kikosi cha kanda. Januari wakafanya hivyohivyo katika kambi ya Rumangabo. Picha zilikuwa nzuri. Ila kukabidhi kilima ni kazi yenye vipengele, na kila kipengele kikiachwa wazi kinageuka ugomvi wa marafiki. Anayeondoka aende umbali gani, na nani atapima? Silaha nzito ziende wapi? Nani atasimamia vizuizi vya barabarani ambako malori ya mkaa na maharage hutozwa fedha? Nani atarudisha mtendaji wa serikali ofisini? Kikosi cha kanda kilikuwa na jibu la swali la nani atasimama kilimani, basi. Kwa hiyo jeshi la Kongo likasema hakuna aliyeondoka, Wakenya wakasema wameondoka hapa, na wote wawili walikuwa wakisema kweli juu ya vipande tofauti vya ardhi ileile.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kinshasa ilitoa jembe mapema. Bujumbura, 4 Februari 2023, Rais Tshisekedi alionekana mbele ya kamera akimwonya kamanda wa kikosi, Meja Jenerali Jeff Nyagah wa Kenya, wasiwapendelee M23. Siku chache baadaye vijana wa Goma walikuwa barabarani wakikipinga kikosi. Mwishoni mwa Aprili Nyagah aliondoka akitaja vitisho dhidi ya usalama wake, nafasi yake ikashikwa na Meja Jenerali Alphaxard Kiugu. Mtu anaweza kusema Wakenya walipendelea, au kwamba Tshisekedi alikuwa na uchaguzi wa Desemba 2023 mbele yake. Sisi tunaona sababu hizo zote mbili zilikuwa nyepesi kuliko ile ya tatu: mwenyeji na mgeni hawakuwahi kukubaliana juu ya kitenzi, na waliotakiwa kuwalazimisha wakubaliane, yaani wakuu wenzao wa nchi, waliona ni nafuu kuliacha neno likiwa pana ili kila mmoja aende nalo nyumbani.

Mwenyeji anayo silaha moja ambayo haipigi kelele: tarehe ya mwisho. Makubaliano ya hadhi ya majeshi kati ya Jumuiya na Kongo yalisainiwa Kinshasa 8 Septemba 2022. Hati za namna hii hazisomwi na mtu, lakini ndizo zinazoamua askari akikosa atashtakiwa na mahakama ya nchi gani, mafuta ya kikosi yataingia bila ushuru au la, masafa gani ya redio yatatumika, uwanja wa ndege utafunguliwa saa ngapi. Zina muda, na hii ilipewa miezi michache, ikaongezewa, ikaongezewa tena, hadi 8 Desemba 2023. Rafiki akitaka uondoke hahitaji kukufukuza. Anaacha kuongeza muda. Wakenya walianza kupanda ndege tarehe 3 Desemba, na kabla mwezi haujaisha kikosi kilikuwa kimekwisha.

Katika kipindi hichohicho Burundi ilikuwa imevaa kofia mbili: askari wake walikuwa ndani ya kikosi cha kanda kwa kazi ya kukaa katikati, na wengine wakaingia kwa makubaliano ya nchi mbili kati ya Bujumbura na Kinshasa ili kupigana bega kwa bega na jeshi la Kongo. Jiulizeni M23 aliye kwenye kizuizi atamtambuaje Mrundi wa amani na Mrundi wa vita. Na Mkenya aliye naye kambini atamtazamaje?

Tuje kwenye fedha na mabunge, maana hapo marafiki husomana vizuri kuliko popote. Katiba ya Kenya, ibara ya 240(8), inataka Bunge liridhie kabla majeshi hayajapelekwa nje. Novemba 2022 Bunge liliridhia askari zaidi ya 900, na makadirio yaliyowekwa mezani yalikuwa takriban shilingi bilioni 4.5 za Kenya kwa miezi sita ya kwanza. Afrika Kusini ina utaratibu mwingine: kifungu cha 201 cha katiba yake kinamtaka Rais alitaarifu Bunge mara moja mambo manne, yaani sababu, mahali, idadi ya watu na muda. Ndiyo maana Februari 2024 tulijua kutoka Pretoria kwamba ni askari 2,900, zaidi ya randi bilioni 2, na kwamba muda unaishia 15 Desemba 2024. Nchi rafiki huzisoma namba hizi kwa makini kuliko hotuba. Aliyeomba fedha za miezi sita ameshakuambia hatapigana vita vya miaka miwili. Anayetaja idadi ambayo uwanjani haionekani ameshakuambia kuwa idadi ile ni ya kisiasa. Na adui naye anasoma.

Si Afrika peke yake. Tarehe 29 Agosti 2013 Bunge la Uingereza lilikataa kwa kura 285 dhidi ya 272 hoja ya serikali kuhusu kuishambulia Syria. Ufaransa ilikuwa tayari kupiga. Siku mbili baadaye Obama akatangaza kwamba naye ataomba idhini ya Bunge lake, na Paris ikabaki imeshika upanga peke yake hadharani. Hakuna aliyemsaliti mwenzake kwa mkataba wowote. Kura 13 tu, basi, na kila mmoja akamwona mwenziwe kwa macho mapya.

Swali la nani analipa linaeleza pia kwa nini kofia ya bluu ya Umoja wa Mataifa hupendwa kuliko bendera ya jumuiya. M23 waliiteka Goma 20 Novemba 2012 huku askari wa Umoja wa Mataifa wakiwa mjini wanatazama. Nchi za kanda zikadai kikosi chenye meno, na tarehe 28 Machi 2013 Baraza la Usalama likapitisha azimio namba 2098. Humo kitenzi hakikuacha nafasi ya kubishana: kuyavunja nguvu makundi yenye silaha. Idadi ya juu iliwekwa kuwa watu 3,069: bataliani tatu za watembea kwa miguu, kombania moja ya mizinga na moja ya makomandoo na upelelezi. Tanzania, Afrika Kusini na Malawi ndizo zilizoleta askari, na kamanda wa kwanza wa brigedi alikuwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Mapema Novemba 2013 helikopta za Rooivalk za Afrika Kusini zilipiga vilima vya mwisho vya M23 karibu na mpaka wa Uganda, na uasi ukafika mwisho kwa wakati ule.

Nyuma ya kitenzi kile palikuwa na duka zima. Umoja wa Mataifa hulipa kiwango kilekile kwa kila askari kwa mwezi, awe Mtanzania au Mhindi, na kiwango cha sasa kimepita dola 1,400. Magari na mitambo unayokuja nayo unalipwa kama kodi, wakaguzi hupita kila robo mwaka, na gari lisilofanya kazi malipo yake hukatwa. Chakula, mafuta, hospitali na helikopta ya kubeba majeruhi vipo katika mfumo. Kwa mwenye hazina ndogo hiyo ndiyo tofauti ya kupigana na kusimama.

Linganisheni na kikosi cha SADC. Utatu (mwenyekiti aliyepo, ajaye na aliyetoka) wa Asasi ya Siasa, Ulinzi na Usalama, chombo cha SADC cha mambo ya ulinzi, ulikiidhinisha Windhoek 8 Mei 2023, kikaanza kazi 15 Desemba 2023, nchi zilezile tatu, chini ya Meja Jenerali Monwabisi Dyakopu wa Afrika Kusini. Kitenzi kilikuwa kikali: kulisaidia jeshi la Kongo dhidi ya M23 na makundi mengine. Duka la nyuma halikuwapo. Safari hii kikosi hakikuwa na helikopta za mashambulizi kama zile za 2013. Kambi ya Mubambiro, jirani na Sake, imekaa chini ya vilima, na mwenye vilima ndiye mwenye kambi. Mota ya milimita 120 hufika kilomita 7 hivi. Ili kuijibu unahitaji rada ya kujua bomu limetoka wapi, ndege zisizo na rubani za kumwona aliyepiga, na mizinga ya kumfikia kabla hajahama, na anahama kwa dakika chache. Ukikosa kimoja kati ya hivyo vitatu unabaki kuchimba mahandaki. Tarehe 14 Februari 2024 bomu la mota liliwaua Waafrika Kusini wawili. Aprili 2024 SADC ilitangaza kuwa Watanzania watatu wameuawa baada ya bomu la mota kuanguka karibu na kambi yao. Azimio la Umoja wa Mataifa la kuruhusu ujumbe wake uliopo Kongo ukisaidie kikosi cha SADC, namba 2746, lilipita 6 Agosti 2024, karibu miezi minane baada ya askari kufika. Huo ndio mpangilio wa matatizo: kitenzi cha 2013 kilipewa kikosi kisicho na duka la 2013.

Mtauliza wenzao walikuwa wapi, SADC ina wanachama 16. Jibu limo katika Mkataba wa Ulinzi wa Pamoja uliosainiwa Dar es Salaam Agosti 2003. Ibara ya 6 inaanza kwa sauti ya simba: shambulio la silaha dhidi ya mwanachama ni tishio kwa amani ya kanda nzima, na litajibiwa kwa hatua ya pamoja ya haraka. Shukeni mistari michache. Kila mwanachama atashiriki katika hatua hiyo kwa namna anayoona inafaa. Kwa namna anayoona inafaa! Mwingine ataona inafaa kuleta bataliani, mwingine kuandika barua ya kuunga mkono. Hajavunja mkataba. Waandishi walioujadili mkataba ule kana kwamba ni mnyororo hawakufika mstari huo.

Na mstari huo haukuandikwa kwa bahati mbaya. Uliandikwa na watu waliokuwa wameungua mwaka 1998. Uasi ulipoanza Kongo tarehe 2 Agosti mwaka huo, SADC ilikuwa na wenyeviti wawili: Mandela wa jumuiya, Mugabe wa Asasi ya ulinzi iliyoundwa 1996, na hakuna hati iliyosema wazi nani yuko chini ya nani. Harare ikatangaza kuwa SADC imeamua kumsaidia Rais Laurent Kabila wa Kongo. Pretoria ikasema haijaamua hivyo, njia ni mazungumzo. Zimbabwe, Angola na Namibia zikapeleka majeshi bila kungoja. Mapema Septemba, kwenye mkutano wa nchi zisizofungamana uliofanyika Durban, Mandela akasema jumuiya inaunga mkono hatua ile: askari walikuwa wamekwisha kufika, na jumuiya iliyogawanyika hadharani ingekuwa aibu kubwa zaidi. Kisha 22 Septemba, wiki tatu hazijapita, askari wapatao 600 wa Afrika Kusini waliingia Lesotho, Botswana ikafuata. Yaani mhubiri wa mazungumzo katika Kongo alikuwa ametuma magari ya deraya Maseru. Tangu siku hiyo Harare ilikuwa na jibu la kila somo la Pretoria. Pretoria kwa upande wake iliangalia migodi ya Kongo ikajiona inajua kwa nini Harare ina haraka. Ilichukua hadi itifaki ya Blantyre ya 2001 kuiweka Asasi chini ya wakuu wa nchi, na uenyekiti wake ukawa wa kupokezana.

Upande wa pili wa vita vilevile, Uganda na Rwanda, marafiki walioingia pamoja, walipigana wenyewe kwa wenyewe Kisangani, mji wa Wakongo, siku sita za Juni 2000. Tunalitaja hili kwa ufupi kwa kuwa bili yake bado inalipwa: Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita ile, Kisangani ikiwamo, kwa awamu tano za milioni 65 kila mwaka. Miezi mitano baadaye Kongo na Uganda walikuwa wanachama wenza wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, jeshi la Uganda likiwa ndani ya Kongo kwa mwaliko. Mdai na mdaiwa, mwenyeji na mgeni, kwa wakati mmoja.

Januari 2025 ugomvi wa maneno ulijianika wenyewe. Goma ilianguka 27 Januari. Afrika Kusini ilipoteza askari 14 katika siku hizo, baadhi yao wakiwa chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Malawi watatu, Tanzania wawili. Siku mbili baada ya Goma, Ramaphosa aliandika mtandaoni akilitaja Jeshi la Ulinzi la Rwanda kwa neno wanamgambo. Kagame akajibu palepale kwamba lile ni jeshi, si wanamgambo, na kwamba kikosi cha SADC si cha kulinda amani bali kimetumwa kupigana na kimechukua nafasi ya kikosi cha Afrika Mashariki. Tazameni wanachobishania marais wawili siku ambayo miili haijazikwa: nomino moja na kitenzi kimoja. Huo haukuwa ubishi wa maneno matupu. Ukiitwa mlinda amani, anayekupiga risasi anakosa mbele ya sheria ya kimataifa. Ukiitwa mpiganaji, wewe ni shabaha halali, na nchi iliyokutuma haina pa kulalamikia. Pretoria ilitaka hadhi ya kwanza huku ikiwa imekubali kazi ya pili, na hapo, tuseme ukweli, Kagame alikuwa ameusoma waraka. Kama yeye mwenyewe alikuwa na haki ya kusema kitu chochote juu ya majeshi ya nchi nyingine ndani ya Kongo, hilo ni suala jingine, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameshaandika mengi kuhusu askari wake.

Tanzania, mwanachama wa jumuiya zote mbili, ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC Dar es Salaam tarehe 8 Februari 2025. Wakuu wa majeshi waliagizwa wakutane ndani ya siku tano. Mwezi mmoja na siku chache baadaye, 13 Machi, SADC ikahitimisha kazi ya kikosi chake na kuagiza kianze kuondoka kwa awamu.

Kwa hiyo ombi letu, Mhariri, ni la kazi ya dawati la habari. Tamko likitoka, mwandishi wenu asianze na picha ya marais walioshikana mikono. Atafute vitenzi. "Mkutano umepokea taarifa" au "umezingatia" maana yake kuna aliyekataa, wakaliacha hapo. "Umekaribisha" maana yake kuna mtu kafanya jambo peke yake na wenzake hawataki kugombana naye hadharani. "Umehimiza" hakimgharimu mtu kitu. "Umeidhinisha" ni kitenzi cha kweli ikiwa tu mistari inayofuata ina idadi, tarehe na mfuko wa fedha. Pakikosekana mfuko, pigeni simu Gaborone, makao makuu ya SADC, au Arusha, ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, muulize. "Umeagiza", aliyeagizwa akitajwa kwa cheo na kupewa siku, ndicho kikali kuliko vyote, na ni nadra. Halafu mtafute hati ya hadhi ya majeshi, muandike tarehe yake ya mwisho kwenye kalenda ya chumba cha habari, kwa sababu safari ya kurudi nyumbani huanza wiki kadhaa kabla ya hapo. Mwulize pia msemaji wa jeshi majeruhi anabebwa na nini na anafikishwa hospitali gani. Akibabaika, mmepata habari.

Kiswahili ni lugha rasmi ya SADC tangu Agosti 2019, na Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo imekikubali. Hakuna kinachowazuia kuchapa aya za uamuzi zenyewe, kwa Kiswahili, kabla ya maoni ya mtu yeyote. Tungependa muanze na tamko la 13 Machi 2025, na pembeni yake picha ya kilichofuata: tarehe 29 Aprili malori ya kikosi cha SADC yakitoka Goma, yakivuka mpaka na kukatiza Rwanda, nchi ambayo Pretoria ilikuwa imeilaumu kwa mauaji ya askari wake, ili yafike Chato, Tanzania.

Wasomaji wenu,
Arusha